Foleni ya Kenge

Zama hizo wanyama walipopiga kura kwa kujipanga nyuma ya mgombea, Kanga alikuwa mfuasi wa Chama cha Mila tangu angali yai. Mwaka huo chama kikamsimamisha Kenge.

"Huyu mdomo wake unanuka mayai," Kanga alimnong'oneza jirani yake Kwale.

"Shoga, hatumchagui Kenge, tunachagua mila. Au unamtaka Ngiri, anayetaka kufukua viota vyote?"

Kanga hakumtaka Ngiri. Akajipanga, shingo upande, lakini macho yake hayakutulia. Kenge ana ndugu tele, na pale hapakuwa na hata mmoja.

"Mheshimiwa," akauliza, "mbona jamaa zako hawaji kukupigia kura?"

Kenge akatabasamu. "Wamejitolea, mama. Wamebaki kuwalindia viota."

"Umeona moyo wa huyu?" Kwale akasema, akigeuka. Kanga hakuwepo, alikuwa ameshapaa kurudi nyumbani.

Jioni Kenge alitangazwa mshindi. Wafuasi wake walirudi viotani wakiimba, wakakuta maganda. Mayai yalisalia kwa Kanga peke yake, na kesho yake chama kikamfukuza uanachama kwa kosa la kutoroka foleni.