Mjukuu Aliyekuja na Panga

"Yuko wapi huyo mzee mwizi? Leo namchinja!"

Nashon aliingia uani ameshika panga, anapiga kelele hadi wavunaji wakaacha mpunga wakaja mbio. Kasimiri akainuka kigodani, meno yake machache yote nje.

"Mwizi ni wewe! Umekuja kuninyang'anya mke!"

Uwanja ukaangua kicheko. Huyu mjukuu kweli, watu walisema. Nani mwingine amtukane Kasimiri hapa Kasansa na taya lake libaki zima?

Josefina, mke wa Kasimiri, naye alicheka, ungo mapajani. Tangu kijana afike juzi alikuwa anamwita "mke wangu," na bibi anamchemshia maji ya kuoga kama bwana harusi. Mtoto wa binti yake Monika! Monika aliyepata mimba ya Masunga, mchunga ng'ombe, akamkimbilia. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wa Josefina. Kasimiri alichukua rungu akamfuata bintiye. Jioni alirudi na damu kwenye shati.

"Nimemkosa, ameshavuka mto," alisema. "Nimeua mbwa wa Wasukuma tu."

Josefina alilifua lile shati. Na miaka yote akawalaani Wasukuma waliommeza mtoto wake asirudi tena. Ng'ombe wao akikanyaga mpunga, alimtandika mpaka fimbo ikavunjika.

Nashon hakuletewa ukoo wake mezani. Masunga alimlea kijijini Litapunga, akafa bila kumwambia kitu. Kule Mpanda kila dirisha la ofisi lilimtuma dirisha jingine, kana kwamba mtoto wa maskini hana haki ya kujua katoka wapi. Akang'ang'ana. Ofisi ya vizazi na vifo ikampa jina la mama, kitabu cha ubatizo parokiani kikampa wazazi wa mama.

Asubuhi hiyo, wakipepeta mpunga, bibi alimuuliza, "Mume wangu, huyo mama yako alikufa lini?"

"Siku niliyozaliwa, bibi. Mtakatifu Yosefu. Wasukuma wenzake baba walimkuta kando ya mto, upande huu wa Kasansa, kichwa kimepasuliwa. Wakaniwahi mimi tu."

"Nani alimpiga?"

"Kwenye cheti wameandika hajulikani."

"Siku ya somo wangu," alisema Josefina, akaendelea kupepeta.

Sasa Kasimiri alikuwa amepiga magoti, ameweka shingo juu ya gogo la kuchanjia kuni.

"Kata basi, mume mwenzangu! Au nyie wa ng'ombe mnajua kukata nyasi tu?"

"Nikikukata wewe mzee, panga litapata kutu!"

"Mwoga! Damu ya Kisukuma hiyo!"

Watu walishika mbavu. Nashon alinyanyua panga, akalizungusha hewani, mwisho akashindwa kwa kicheko akalitupa chini.

Josefina aliweka ungo pembeni, akaliokota.

"Huyu mtoto hajui kushika panga," alisema. "Sogea, nikuonyeshe."

"Haya, mke wetu naye kaingia!" alisema Kasimiri, shingo bado iko pale pale, machozi ya kicheko yanamtoka. Majirani wakapiga vigelegele.

Babu na mjukuu wana utani. Mke na mume hawana. Josefina alilishusha panga kwa mikono miwili.