Viganja Viwili Mgongoni

Kufuli alimkumbatia mkewe mlangoni, mikono yote miwili, akamkaza kifuani kama mtu aliyerudi kutoka vitani. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akaanza kunusa shati lake mwenyewe. Alikuwa akitafuta manukato ya mwanamume mwingine. Hakuambulia kitu zaidi ya sabuni na chaki.

Jina hilo la Kufuli alipewa na wenzake kazini. Alikuwa fundi wa chumba cha dawa za mionzi hospitalini, yule anayefungua vyombo vizito vya madini ya risasi vinavyozuia mionzi, akapima dawa na kuwanywesha wagonjwa wa tezi ya shingo. Kazi yake ilikuwa na likizo kila mwaka. Wivu wake haukuwa nayo.

Sasa Jumatatu ya wiki hiyo alikuja kutibiwa mwalimu wa michezo wa shule anayofundisha mkewe. Kijana mrefu, meno meupe, maneno mengi.

"Shemeji!" alisema, kikombe cha dawa kikiwa bado mkononi mwa Kufuli. "Mkeo tunampenda sana pale shuleni. Yaani asipokuwepo, siku haiendi."

Kufuli alikikaza kikombe hata tone likamrukia kwenye glavu. Alimnywesha dawa, akachomoa glavu kwa hasira na kumsomea masharti kwa sauti ya hakimu: wiki nzima akae ndani, asimkaribie mtu, maana hata jasho lake lingekuwa na mionzi. Halafu akatoka mbio bila kuaga wala kupita kwenye ukaguzi wa mionzi, ili awahi kumwona mkewe anarudi na nani. Mkewe alirudi peke yake.

Jumatano mkewe akachelewa.

"Ulikuwa wapi?"

"Tulikwenda na walimu kumjulia hali mwenzetu. Tumesimama dirishani, mume wangu. Ndani haturuhusiwi."

Dirishani! Kufuli alicheka kicheko cha meno tu. Usiku kucha akageukageuka kitandani, na Alhamisi akarudi na kipima mionzi ndani ya mfuko wake wa chakula. Ndiyo Alhamisi hiyo ya kunusa shati.

Mkewe alipoingia kuoga, alilichukua gauni alilolivua na kulitandaza kitandani. Kifaa kikaanza kukwaruza hata kabla hajakielekeza popote. Akakigongagonga, akaulaumu uzee wa kifaa, akakishika kwa ncha ya mpini mpaka kikatulia. Alikipitisha kolani, kimya. Mikononi, kimya. Alipoligeuza gauni na kufika mgongoni, kikalia. Kililia sehemu mbili, kushoto na kulia, kila moja upana wa kiganja cha mwanamume.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona. Jasho la yule kijana. Mikono ya yule kijana.

Mkewe alitoka bafuni na taulo.

"Nani kakushika mgongoni?"

"Nini?"

"Mgongoni! Nani kakukumbatia?"

Mkewe alilitazama gauni, akakitazama kifaa, akamtazama yeye. "Tangu wiki hii ianze hakuna mwanamume aliyenigusa ila wewe."

"Mashine haijui kusema uongo."

"Basi kaoe mashine."

Kaka wa mkewe alikuja kumchukua kabla chakula hakijapoa mezani. Miaka tisa ya ndoa iliingia kwenye mabegi mawili. Pale mlangoni mkewe alisimama kidogo, akamsubiri. Kufuli alimpenda mwanamke yule kuliko pumzi yake, na neno "usiende" lilimfika kooni, lakini alipoukumbuka mgongo ule akalimeza. Gari likaondoka.

Ijumaa asubuhi alifika kazini macho mekundu. Mama Usalama, mkaguzi wao, alimsimamisha kwenye mstari wa ukaguzi, aliokuwa akiukwepa tangu Jumatatu kwa haraka ya kumchunga mkewe, na Kufuli akashindwa kujizuia. Akamweleza yote, gauni, dirisha, yule mwalimu.

"Una hakika, mwanangu?" Mama Usalama alipitisha kipimo kwenye koti lake. Kimya.

"Mama, penye moshi hapakosi moto. Nimepima mwenyewe."

"Viatu." Kimya. "Pole sana. Na yeye anasemaje?"

"Anakana. Nimemwambia asirudi hapa na asinipigie simu."

"Haya, nyoosha mikono."

Akanyoosha. Kipimo kikalia mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. Mama Usalama aliisoma namba, akahesabu siku kwa vidole, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii ni dawa ya Jumatatu," alisema taratibu. "Tangu siku hiyo, mwanangu, umemkumbatia nani?"