Mbwa wa Kona ya Kwanza

Malachy Dunphy aliwapita madaktari watatu wa wanyama, mmoja wao akiwa mkabala kabisa na kanisa analosalia, akaendesha maili ishirini na mbili kwenda kwa Daktari Gráinne Tuohy, ambaye alikuwa mgeni sehemu zile na hakujua habari za watu. Kwenye kiti cha nyuma alilala Biddy, mbwa wa mbio aliyestaafu, ametandikiwa koti zuri la Malachy, lile la kuendea mazishini.

Huyu alikuwa mbwa wake wa sita. Aliwachukua mmoja mmoja kutoka uwanja uleule wa mbio, wote wakiwa wamevunjika kifundo cha mguu wa nyuma mahali palepale, kona ya kwanza. Aliwafunga bendeji, akawapikia uji wa shayiri na shingo za kondoo, akawabeba kwenda kukojoa nje mvua ikinyesha. Watano alishawazika nyuma ya nyumba, chini ya ua wa miiba.

Daktari aliiangalia picha ya eksirei kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mzee Malachy, sikufichi. Ni saratani ya mfupa, na imeshaingia mapafuni. Hata tukiukata mguu, hatutakuwa tumefanya kitu."

"Kosa langu," alisema Malachy.

"Kosa lako limetoka wapi tena?"

"Alianza kuchechemea tangu Pasaka. Nikadhani ni lile jeraha la zamani."

"Kila mtu angedhani hivyo. Hebu acha kujitesa. Si umeniambia mwenyewe kwamba kwako mbwa ndio wenye kochi, wewe unakalia ndoo."

Malachy alijaribu kucheka ikashindikana. Biddy alisimama kwa miguu mitatu, akamwegemea mapajani kwa uzito wake wote, kama wafanyavyo mbwa hawa kwa mtu wanayemwamini. Afadhali angemng'ata.

Daktari alichukua kalamu na fomu. "Nisomee alama aliyochanjwa sikioni."

Malachy akaitaja, herufi zote tatu, bila hata kulifunua sikio.

"Kumbe unayo kichwani!"

"Ninazo za wote."

Daktari akaweka kalamu chini. Alikuwa na moyo wa huruma, na kwa huruma hiyo akasema jambo ambalo Malachy hakutaka kulisikia.

"Si lazima iwe sasa hivi. Nitampa dawa kali ya maumivu, umpeleke nyumbani. Mpe chochote anachopenda, lala naye hapo kwenye kochi, na kesho asubuhi nitakuja mwenyewe. Afie kwake. Sharti ni moja tu, usimwache peke yake hata dakika. Mfupa umeoza; akiruka vibaya utakatika, na hayo maumivu sikuombei uyaone."

"Leo Jumamosi," alisema Malachy.

"Ndiyo."

"Jumamosi jioni niko kazini."

"Si uombe ruhusa? Jioni moja tu, jamani."

"Hakuna mwingine anayeiweza kazi ile. Mwaka wa thelathini na moja huu."

"Basi mwache na mtu."

"Mke wangu ndiye aliyekuwa akikaa nao, na amefariki." Kisha akaongeza, "Kila tulipomzika mmoja aliniambia, Malachy, acha sasa. Nami nikamwambia, basi, huyu ni wa mwisho."

Daktari alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu aingie. Malachy aliona aibu, akainamia viatu vyake. Angeweza kupiga simu. Simu ilikuwa mfukoni. Mkono haukwenda.

"Fanya sasa," alisema.

Walimpandisha Biddy mezani, na daktari akawasha mashine ya kunyolea manyoya ili apate mahali pa sindano. Mota ilipoanza kuvuma, Biddy, ambaye hakuwa amekula kwa siku mbili, aliinuka wima mezani. Masikio yalisimama. Meno yaligongana kwa furaha, na mwili mzima ukatetemeka ukielekea ukutani.

"Ana nini huyu?"

"Anadhani ni sungura. Yule wa bandia, anayekimbia kwenye reli mbwa wakimfukuza. Mota yake inaanza hivyohivyo."

"Maskini. Yaani wamemvunja, na bado anamtaka." Sauti ya daktari ilikwaruza. "Watu wa kule uwanjani, sijui hata usingizi wanaupataje."

"Wengine hawaupati, Daktari. Zima mashine, tafadhali."

Alimziba Biddy masikio kwa viganja vyote viwili mpaka chumba kikawa kimya. Daktari alitumia mkasi. Malachy alimwambia Biddy maneno fulani ya chinichini. Daktari alisikia moja tu, nalo lilikuwa "nisamehe", likirudiwarudiwa hata baada ya kichwa cha Biddy kulegea mikononi mwake.

"Hakuna mbwa aliyepata mtu mwema kama wewe," alisema daktari mlangoni, akimpa mkanda wa shingo. Alikuwa analia. "Kunywa japo chai."

"Nitachelewa," alisema Malachy.

Saa moja na robo jioni, jua la Juni, ambalo huko huchelewa kutua, lilikuwa bado linawaka. Malachy alipanda ngazi ya chuma, akaingia katika kibanda cha vioo kilicho juu ya uwanja wa mbio, akautundika mkanda wa Biddy msumarini pamoja na ile mitano mingine. Chini, mbwa sita walikuwa wakisukumwa vizimbani, mmoja mmoja. Kengele ililia. Akaweka mkono wa kulia kwenye mpini, akausukuma mbele, na sungura akachomoka kuielekea kona ya kwanza.