Kiko Kisichohitaji Mkono

Kiko kilikuwa cha moto tena.

Fundi alikishika, akakiachia juu ya benchi, kisha akakigusa kwa ncha za vidole kama anayepima homa ya mtoto. Ndiyo kwanza alikuwa ameamka. Kila siku baada ya chakula cha mchana hujilaza kwenye mkeka wa karakana yake, nyuma ya nyumba, akalala fofofo. Na wiki hii nzima alikuwa akiamka anakuta kiko kina moto na karakana inanuka tumbaku. Tumbaku hiyohiyo aliyoapa kutoivuta tena maishani.

Hakikuwa kiapo cha mchezo. Mke wake alichoshwa na moshi akarudi kwao, na hakukubali kurejea ila kwa sharti hilo. Alirejea na sharti, akaja na mama yake pia, wa kulisimamia.

"Nikinusa moshi humu ndani siku moja tu," mama mkwe alisema, hata mzigo hajautua, "naondoka na mwanangu."

Basi fundi akamwaga tumbaku yote chooni, akawa mchonga viko asiyevuta. "Kinyozi hajinyoi," aliwaambia wateja, na alicheka yeye mapema kabla hawajamcheka.

Kiko chenyewe kilikuwa fahari yake: shingo ndefu, nyembamba, imenyooka. Faida ya shingo ndefu, angekueleza hata kama hukumuuliza, ni kwamba moshi hufika mdomoni umepoa, na pua haiungui. Ubaya wake ni kwamba bakuli huning'inia mbali mbele na kuivuta taya chini, mpaka mvutaji akishikilie kwa mkono. Ufundi wote uko kwenye mizani. Siku alipokimaliza alimwonyesha mama mkwe, maana hapakuwa na mwingine wa kumwonyesha. Yule mama alikuwa akitafuna karafuu, dawa ya jino lake, alivyosema. Akakipima kiganjani.

"Kichwa kizito hiki," alisema. "Kitamchosha mtu taya."

Fundi aliumia. Mtu hajui hata kiko kinawashwa wapi, naye anatoa hukumu! Lakini alipobaki peke yake alilipunguza bakuli, na loo, kikatulia mdomoni kana kwamba kimezaliwa humo.

Na sasa ndicho kinachomponza. Alishamwuliza mama mkwe, kwa adabu zote, kama ameona mtu akiingia karakana mchana, wakati mke yuko kazini.

"Hajapita mtu, mwanangu. Mimi nashinda hapahapa uani."

Jibu likabaki moja tu: anavuta usingizini. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa fundi hamkuwa na mtu ila fundi mwenyewe.

Kesho yake alijifunga mikono kwa kamba, fundo akalikaza kwa meno, akalala. Alipoamka fundo lilikuwa vilevile. Kiko kilikuwa cha moto.

Mwingine angefurahi. Yeye alikaa mkekani, amefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni, akawaza kifundi: kiko kilichopata mizani hakihitaji mkono. Si ndivyo anavyowaambia wateja miaka yote? Basi kamba haikuthibitisha kitu ila uzuri wa kazi yake. Tumbaku aliitoa wapi, na kiberiti alikiwasha kwa kidole gani, hayo aliyapita. Mtu akishaanza kujisifu hana nafasi ya mambo madogo. Hata alama ya jino aliyoiona upande wa kushoto wa mdomo wa kiko, na yeye siku zote huking'ata kwa meno ya kulia, aliipatia maelezo: usingizini mtu hugeukageuka.

Jioni hiyo mke wake alisimama mlangoni mwa karakana, pua juu.

"Mume wangu, hii harufu ni ya nini?"

Fundi angeweza kusema uongo. Ulimi ulikataa.

"Nimevuta, mke wangu. Usingizini, lakini nimevuta."

"Usingizini!"

"Na mikono imefungwa," aliongeza, na hata katika aibu ile, sauti yake haikukosa chembe ya majivuno.

Mke hakucheka. Aliingia chumbani, na sanduku likasikika likiburutwa kutoka uvunguni. "Mama, kusanya vitu vyako!"

Fundi alimpenda yule mwanamke. Nyumba isiyo na yeye alishaikaa, akala peke yake, akajijibu mwenyewe maswali, na hakutaka kuirudia. Alikilaza kiko juu ya benchi, akanyakua nyundo.

"Nakivunja! Mama, nakuomba, mwambie mwanao nakivunja hapa hapa!"

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni. Fundi alitegemea kuona uso wa mtu aliyesubiri siku hii kwa hamu. Lakini yule mama alikuwa akiitazama nyundo.

"Iweke chini," alisema. Kisha akapaza sauti kuelekea chumbani: "Mwanangu, rudisha sanduku uvunguni! Mumeo hajavuta."

"Umejuaje, mama?"

"Nikisema hajavuta, hajavuta. Nenda kaweke chai jikoni."

Sanduku likasikika likisukumwa. Mama mkwe aliurudishia mlango wa karakana kwa kisigino. Akakichukua kiko pale kwenye benchi, akakifuta mdomo kwa ncha ya nguo, taratibu, bila kumtazama mkwewe.

"Na ukichonga kingine," alisema kwa sauti ya chini, "bakuli lipunguze tena kidogo. Hiki bado kinanielemea jino la kushoto."