Sehemu Iliyobaki

Zuhura aliweka flashi mezani kwa Kibwana, aliyekuwa akijazia watu tamthilia kibandani kwake. Kwenye benchi wateja wawili walikuwa wakibishana. Mmoja aliisifia ile mpya ya Kikorea, mwenzake akasema inaboa mpaka unasinzia.

“Niwekee ile ya daktari na mkewe,” Zuhura alisema. “Tulibakiza sehemu ya mwisho. Mimi na Shomari tuliahidiana, hakuna kumtangulia mwenzako.”

Ubishi ukakatika. Shomari, mumewe, alizikwa mwezi uliopita.

Kibwana hakuigusa flashi. “Shemeji, nisamehe. Shomari alipokuwa amelazwa hospitali alimtuma mtu, nikamjazia. Aliitazama.”

“Bila mimi?”

“Kesho yake akanipigia simu. Akasema, ‘Akija mke wangu usimpe. Daktari anakufa. Nani atakuwa pembeni yake akiitazama?’”

Zuhura aliichukua tena flashi yake.

“Basi iwashe hapa hapa,” alisema.

Kibwana akaigeuza kompyuta iwaelekee. Wale wateja wawili wakasogea kumpisha. Zuhura akaketi mwisho kabisa wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na wao.