Bangili Inasema Hujambo

Miaka hiyo mgonjwa hakuulizwa anaumwa wapi. Kila mtu alivaa bangili ya afya iliyoupima mwili na kusema hali yake, na waganga waliisikiliza bangili.

Mwatumu alikuwa bibi harusi wa juzi tu. Kila alipolala na mumewe, Kombo, aliamka na muwasho ukeni, na mkojo ukimchoma kama pilipili. Alipomweleza, Kombo alimshika mkono kwa upole, akaitazama bangili.

"Mbona inasema hujambo, mke wangu? Labda ni mawazo."

Kombo hakuwa mtu mbaya. Mwatumu mwenyewe akaanza kujiuliza kama kweli anaumwa.

Alikwenda zahanati. Muuguzi, Bi Salome, aliisoma bangili, akamwambia, "Hujambo, mwanangu. Nenda nyumbani."

"Lakini nawashwa, mama. Hata kukaa siwezi."

Bi Salome akafunga mlango. Akamuuliza anajisafisha kwa sabuni gani, kama wanatumia kondomu, kama huingiliwa angali mkavu, kama anatokwa na uchafu. Mwatumu alishangaa kuona kila swali analo jibu lake.

"Acha hiyo sabuni ya manukato, maji matupu yanatosha. Na mumeo asiwe na haraka. Nitakupima pia, isije ikawa maambukizi."

"Sasa kwa nini bangili haisemi?"

Bi Salome alikuwa akivaa glavu. Akaitazama bangili yake mwenyewe.

"Sijui. Hata yangu haijawahi kusema. Nimezaa watoto wanne nikidhani ndivyo ndoa ilivyo."