Nyumba Zilizokuwa Kimya

Kikao na wenye kiwanda cha saruji kilibakiza saa moja kuanza. Mtakwimu naye alibakiza sharti moja la kuhakiki: je, nyumba zilichaguliwa bila upendeleo?

"Shangazi, zile nyumba ulizichagua kwa kura, kama nilivyokueleza?"

Shangazi, aliyezunguka mtaani kuhesabu watoto wanaoumwa kifua, alijipangusa vumbi jeupe kwenye kope. "Kura ya nini, mwanangu? Nilibisha nilikosikia kikohozi. Kwa wazima ningetafuta nini?"

Maji yalimfika mtakwimu shingoni. Asilimia ile kubwa ya watoto wagonjwa, silaha pekee ya mtaa dhidi ya kiwanda, ikawa si kitu.

Akachana vikaratasi, akapiga kura ya nyumba palepale, akatoka mbio. Nyumba ya kwanza ilikuwa kimya.

"Hodi!" aliita, huku akiomba, Mungu amsamehe, asikie mtoto akikohoa.